Makongamano ya watumiaji wa hifadhidata huria: Asili, mwenendo na suala la umiliki

HIFADHIDATA ni programu ya tarakilishi inayotunza taarifa kwa mpangilio maalumu ili ziweze kutafutwa, kulinganishwa na kurekebishwa kwa haraka bila kupotea. Mwananchi wa kawaida huitegemea kila siku pasi na kuiona. Muuguzi anapofungua rekodi ya mgonjwa, au afisa wa afya wa kaunti anapojumlisha idadi ya watoto waliochanjwa mwezi uliopita, kinachowajibu ni hifadhidata.

Baadhi ya programu hizi huuzwa kwa bei ya juu na kampuni zinazoficha msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji ili kuiongoza tarakilishi. Nyingine ni huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni. PostgreSQL na MySQL ndizo mashuhuri zaidi katika kundi hili la pili. Mfumo wa DHIS2, uliobuniwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Kenya ilianza kuutumia kukusanya takwimu za afya kote nchini mwaka wa 2011, hutegemea PostgreSQL. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS, ambao Eldoret ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza, ulijengwa juu ya MySQL.

Watumiaji na waundaji wa programu hizi wana desturi ya kukutana. Baadhi ya mikutano yao ni makongamano ya siku nne yanayohudhuriwa na mamia ya watu. Mingine ni semina za jioni moja katika ukumbi wa chuo, wahudhuriaji wakiwa ishirini hivi. Kwa mtazamaji wa nje, haya ni mazungumzo ya wataalamu tu. Hata hivyo, historia ya miongo miwili iliyopita yaonyesha kwamba swali la nani anayeimiliki mikutano hii limekuwa na uzito unaokaribia ule wa swali la nani anayeimiliki programu yenyewe.

Chimbuko

Programu inayouzwa ina mwenyewe. Ikiharibika, mteja humpigia simu aliyemuuzia na kudai huduma aliyoilipia. PostgreSQL, kwa upande wake, haina mlango mmoja wa kubisha hodi. Waundaji wake wametawanyika katika mabara kadhaa, wengi wameajiriwa na kampuni zinazoshindana, na kazi yao huendeshwa kwa baruapepe zinazosomwa na umma. Mtu aweza kufanya kazi na mwenzake kwa miaka mingi, akaijua hata namna yake ya kubisha hoja, ilhali hajawahi kumtia machoni.

Programu hiyo ilianza mwaka wa 1986 kama mradi wa utafiti wa Profesa Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Chuo kilipoachana nao, wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiongezea lugha ya SQL, na mwaka wa 1996 kikundi cha watu wa kujitolea kikaichukua na kuipa jina inaloitwa hadi sasa. Kikundi hicho hakikuwa na ofisi wala mshahara. Ilipotimia miaka 10, mnamo Julai 8 na 9, 2006, wanachama wake walifanya mkutano wa maadhimisho katika chuo kikuu kimoja jijini Toronto, Kanada.

Wajapani walikuwa wamewatangulia kwa kuunda chama chao cha watumiaji mwaka wa 1999, lakini ni mkutano wa Toronto uliofungua mlango kimataifa. Mei 2007, Dan Langille, aliyekuwa na uzoefu wa kuandaa mikutano ya programu huria jijini Ottawa, alianzisha kongamano la PGCon katika Chuo Kikuu cha Ottawa. Julai mwaka uo huo, Waitaliano walikutana katika mji wa Prato, na Oktoba 2008 mji huo ukawapokea watumiaji wa Ulaya nzima. Hapo ndipo chama cha PostgreSQL Europe kilipopata nguvu. Kilisajiliwa nchini Ufaransa, si kampuni ya biashara, na wanachama ndio wanaowachagua viongozi wake.

Kongamano lake halina makao. Lilikuwa Paris mwaka wa 2009, Stuttgart mwaka wa 2010, Amsterdam mwaka wa 2011, kisha Prague, Dublin, Madrid, Vienna, Tallinn, Warsaw, Lisbon na Milan. Janga la Covid-19 lilipokwisha kulisimamisha, lilirejea Berlin mwaka wa 2022. Kuhamahama huku kuna maana yake. Kila mji unaolipokea hulazimika kuwa na kikundi cha wenyeji wanaosaidia, na kikundi hicho aghalabu hubaki kikiendesha semina ndogo baada ya wageni kuondoka.

Kisa cha Santa Clara

MySQL ilifuata njia nyingine. Ilianzishwa mwaka wa 1995 na Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson, na tangu mwanzo ilikuwa na kampuni nyuma yake. Jina lenyewe ni la kifamilia: My ni binti yake Widenius. Nembo yake ni pomboo aitwaye Sakila, jina lililopatikana kwa shindano la watumiaji na ambalo lilipendekezwa na mtaalamu mzawa wa Uganda aliyekuwa akiishi Eswatini. Yeye alieleza kuwa ni jina la kike lenye asili ya lugha ya Kiswati, na kwamba pia ni jina la mji ulioko Arusha, Tanzania. Si wengi wanaojua kwamba pomboo huyo maarufu ana ujamaa na Afrika Mashariki.

Kuanzia mwaka wa 2003, kampuni ya MySQL ilifanya kongamano la watumiaji kila Aprili, karibu kila mara katika jimbo la California, kwanza San Jose na hatimaye Santa Clara, na baadaye ikashirikiana na wachapishaji wa vitabu vya kiufundi, O'Reilly. Liliandaliwa kwa ustadi na lilivutia umati. Waandaaji walikuwa wakarimu. Hata hivyo, jina, tarehe, orodha ya wahudhuriaji na jukwaa kuu vilikuwa mali ya kampuni.

Dalili za mapema za uchu wa watumiaji kuwa na baraza lao zilionekana Novemba 2006, walipokusanyika kwa mkutano usio na ratiba ya awali katika makao makuu ya Google, Mountain View. Ajenda ilipangwa asubuhi na waliohudhuria wenyewe.

Januari 2008 kampuni ya Sun Microsystems ilitangaza kuinunua MySQL kwa takriban dola bilioni 1. Katika kongamano la Aprili mwaka huo, ilibainika kuwa baadhi ya vipengele vipya vya kutengeneza nakala za akiba vingetolewa kwa wateja wanaolipa pekee. Watumiaji walikasirika. Walikuwa wameketi katika ukumbi mmoja na wakuu wa kampuni, na malalamiko yao hayakuweza kupuuzwa. Mwezi uliofuata uamuzi huo ulitanguliwa. Ni nadra kuona kongamano la kitaaluma likibadilisha msimamo wa kampuni kwa kasi kama hiyo.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka mmoja baadaye. Jumatatu, Aprili 20, 2009, siku ambayo kongamano la Santa Clara lilikuwa likifunguliwa kwa mafunzo ya awali, habari zilitangazwa kwamba Oracle ilikuwa imekubaliana kuinunua Sun kwa dola bilioni 7.4. Oracle ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa wa hifadhidata zisizo huria. Watu waliokuwa wamesafiri kujifunza matumizi ya MySQL walijikuta wakijadili iwapo mpinzani wake wa jadi angeiacha iishi.

Wiki hiyo kulikuwa na mkutano mwingine mahali papo hapo. Kampuni ya Percona, iliyoundwa na wataalamu waliowahi kuifanyia kazi MySQL, ilikuwa imeandaa kongamano lake kuhusu kasi ya utendaji wa hifadhidata, bila kiingilio. Yaani hata kabla ya Oracle kutajwa, sehemu ya watumiaji ilikuwa tayari inatafuta kivuli kingine cha kukutania.

Widenius, ambaye alikuwa amekwisha kuondoka Sun, aliunda tawi jipya la programu hiyo na kuliita MariaDB kwa jina la binti yake mdogo, Maria. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu MySQL ilikuwa chini ya leseni ya GPL tangu mwaka wa 2000, na leseni hiyo haimzuii mtu kuchukua msimbo na kuuendeleza kivyake. Tume ya Ulaya iliuchunguza ununuzi wa Sun na kuuidhinisha Januari 2010.

Hapa ndipo tofauti ilipojitokeza. Msimbo ulinakilika kwa dakika chache, kongamano halikunakilika. O'Reilly waliliandaa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2011. Aprili 2012 Percona ilichukua ukumbi wa Santa Clara na msimu ule ule, na Septemba mwaka huo Oracle ikafungua kongamano lake la MySQL jijini San Francisco. Wafuasi wa MariaDB nao wakawa na mikutano yao. Jamii iliyokuwa ikikutana pamoja kila Aprili iligawanyika mafungu, na mtaalamu wa kampuni ndogo mwenye nauli ya safari moja kwa mwaka alilazimika kuchagua ataikosa mikutano ipi. Hakuna kampuni iliyovunja sheria katika mambo haya. Kila moja ilishughulikia biashara yake, na hilo ndilo tatizo la kuiachia kampuni baraza la watu wote.

Jinsi yanavyoandaliwa

Maandalizi ya kongamano la kijamii huanza miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Kamati hutoa mwito wa mada, na yeyote, awe bingwa au mwanagenzi, hutuma muhtasari wa anachotaka kukizungumzia. Mapendekezo huwa mengi kuliko nafasi, hivyo wanakamati huyapigia kura. Kazi ngumu si kuzikataa mada mbovu, kwani hizo hujikataa zenyewe. Ngumu ni kuzitambua zile zinazojifanya somo ilhali ni matangazo ya bidhaa.

Fedha hutoka kwa ada za wahudhuriaji na wadhamini. Wadhamini hupewa meza ya kuonyesha huduma zao na nembo yao huchapishwa kwenye mabango. Waandaaji wengi hawalipwi, na wasemaji kwa kawaida huingia bure lakini hawapokei ujira. Mkutano wa FOSDEM unaofanyika jijini Brussels, Ubelgiji, kila mwanzo wa mwaka umekwenda mbali zaidi: hauna kiingilio wala usajili, na ndani yake PostgreSQL na jamaa ya MySQL hupata vyumba vyao vya mihadhara. Chumba kikijaa, mlango hufungwa, na aliyechelewa husubiri nje hata kama ni mwandishi wa programu inayojadiliwa.

Kwa vile udhamini waweza kugeuka umiliki, jamii ya PostgreSQL imeweka vigezo vya kulitambua kongamano kuwa la kijamii. Kimojawapo ni kwamba kamati ya maandalizi isitawaliwe na wafanyakazi wa kampuni moja. Tahadhari hiyo si ya bure. Mwaka wa 2021 timu kuu ya mradi huo ilijitokeza hadharani kulalamika kwamba taasisi moja nchini Uhispania ilikuwa imeomba kusajili jina la PostgreSQL kuwa alama yake ya biashara. Aidha, tangu 2018 mradi una kanuni za maadili, zilizotungwa baada ya mjadala mrefu na mkali.

Yanayozungumzwa ukumbini ni ya namna mbili. Waundaji hueleza toleo lijalo litakuwa na nini, nao watumiaji husimulia yaliyowafika. Masimulizi ya watumiaji ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi, hususan yanapohusu maafa. Mathalani, Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kimakosa data kwenye seva kuu ya PostgreSQL, na ilipotafutwa nakala ya akiba ikabainika kwamba njia zilizotegemewa hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Data ya takriban saa sita ilipotea. Kampuni iliyaanika yote hayo mbele ya umma, na visa vya aina hiyo ndivyo vinavyowafanya wasikilizaji warudi makwao na kujaribu, wengine kwa mara ya kwanza, iwapo nakala zao za akiba zaweza kurejeshwa. Kwa hospitali inayotunza rekodi za wagonjwa wa kifua kikuu, jaribio hilo moja lina thamani kuliko mihadhara kumi kuhusu teknolojia mpya.

Kuna pia hotuba fupi za dakika tano, ambazo msemaji hukatizwa muda ukiisha, na kuna mazungumzo ya veranda. Wahudhuriaji wa miaka mingi hukiri kwamba mengi ya maana huamuliwa kwenye veranda, vikombe vya kahawa mikononi. Jijini Ottawa, PGCon ilikuwa na mkutano maalumu wa waundaji uliofanyika kando kwa mwaliko, na baadaye ikaongeza vikao visivyo na ratiba ili hata wasioalikwa wapate pa kusemea. Kongamano hilo lilikuwa na desturi ya kufunga kwa mnada wa hisani, mapato yakienda kwa makao ya watu wasio na nyumba jijini humo.

PGCon ilifanyika kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mwaka uliofuata mahali pake palichukuliwa na kongamano jipya, PGConf.dev, lililoanzia Vancouver na kuendelea Montreal mwaka wa 2025. Waandaaji walibadilika, jina likabadilika, mji ukabadilika, lakini wahudhuriaji walibaki wale wale. Hakukuwa na wa kumnunua wala wa kumwuzia.

Umbali na viza

Lawama inayoelekezwa kwa makongamano haya mara nyingi ni kwamba hufanyika mbali na wengi wa watumiaji. Msimamizi wa seva katika hospitali ya kaunti nchini Kenya anayetaka kwenda Ottawa au Prague hukabiliwa na nauli, gharama ya hoteli na ada ya kongamano. Kabla ya hayo yote lazima apate viza, ambayo humtaka athibitishe kwamba ana fedha na kwamba atarejea kwao. Mada yake yaweza kukubaliwa na kamati, kisha safari ikakwama ubalozini. Baadhi ya makongamano hutenga fedha za kuwasaidia wasafiri, lakini fedha hizo haziwezi kununua muhuri wa pasipoti. Kurekodi mihadhara na kuiweka mtandaoni kumesaidia kiasi. Veranda, hata hivyo, hairekodiwi.

Njia iliyoonyesha matumaini kwa Afrika Mashariki imepitia kwa wachora ramani. PostgreSQL ina programu tanzu iitwayo PostGIS inayoiwezesha kutunza na kuhesabu mambo ya mahali: mipaka ya kata, mkondo wa mto, umbali wa kijiji kutoka kwa zahanati. Watumiaji wake hukutana katika kongamano la kimataifa la programu huria za kijiografia, FOSS4G. Barani Afrika, lilifanyika kwanza Cape Town mwaka wa 2008, na Agosti 2018 likaja Dar es Salaam. Jiji hilo lilistahiki. Kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi na wakazi walikuwa wamezichora kata zinazokumbwa na mafuriko, mtaro kwa mtaro, kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kwa undani huo hapo awali. Wageni waliozoea kufundisha walipata pia la kujifunza.

Ramani huria ya dunia, OpenStreetMap, nayo huhifadhiwa katika PostgreSQL. Iliihama MySQL mnamo Aprili 2009, mwezi ule ule wa kisa cha Santa Clara, ingawa mambo hayo mawili hayakuhusiana. Kongamano lake la kimataifa, State of the Map, lilikuwa limepangwa kufanyika Cape Town mwaka wa 2020, lakini Covid-19 ikalilazimu kufanyika mtandaoni. Hatimaye liliwasili Afrika Septemba 2024, jijini Nairobi. Kwa mchora ramani wa Kampala au Arusha, safari ya kufika huko ni ya basi, na haihitaji viza.